Kabla hujaupa utitiri jina: mwongozo kamili wa kuelezea spishi mpya inayokula mimea

Ukitaja utitiri hapa Dodoma, mtu wa kwanza atageuza macho kwenye banda la kuku. Wa pili, kama analima nyanya kule Hombolo, atakuuliza unauza dawa gani. Utitiri wa mwongozo huu ni ndugu wa hao wote, ila unaishi porini, kwenye majani ya mkole, mgunga na mkwaju, mara nyingi umejificha ndani ya kinundu kisichozidi punje ya uwele. Wengi wa aina hiyo katika nyika yetu hawajawahi kupewa jina na mtu yeyote.

Kuelezea spishi mpya ni kuchapisha maandishi yatakayomwezesha mtu asiyekujua, huenda miaka 100 baada yako, kushika kidudu chake na kusema "ndiye" au "siye". Mapambo mengine yanaweza kusubiri. Jambo jingine nililochelewa kulielewa: kupata kitu kinachoonekana kipya ni rahisi. Kazi ni kuthibitisha kwamba hakina jina tayari. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ifanye kama vile umelipwa kujipinga mwenyewe.

Jua kwanza umeshika nini

Utitiri si mdudu kamili kwa hesabu ya wanabiolojia, bali ni wa ukoo wa buibui na kupe. Kati ya unaokula mimea, familia tatu ndizo utakazokutana nazo sana.

Tetranychidae ndio "utitiri mwekundu" wa mkulima. Wana miguu minane, wengi hufuma utando, na jani wanalolinyonya hubaki na vidoa vyeupe kama limenyunyiziwa unga. Kwa familia hii kumbuka jambo moja: bila dume huendi popote. Majike ya *Tetranychus* hufanana kama pacha, na spishi hutenganishwa kwa umbo la kiungo cha kiume, tena kikiwa kimelala ubavu kwenye slaidi. Nimewahi kuletewa chupa yenye majike mengi kutoka shamba moja, dume hata mmoja hakuna. Ikabidi tuiandike *Tetranychus* sp., yaani spishi isiyotambuliwa, na tuiweke kabatini.

Tenuipalpidae ni bapa, wazito wa kutembea, na hawafumi utando.

Eriophyidae ndio nitakaowafuata mpaka mwisho. Hawa wana miguu minne tu, yote mbele. Mwili ni kama mnyoo wenye pingili, na urefu wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.1 na 0.3, kwa hiyo kwa macho matupu huoni kitu. Utaona walichofanya: nundu, vipele, manyoya yasiyo ya kawaida chini ya jani, vichipukizi vilivyojikunja. Nawapendelea kwa sababu moja. Spishi nyingi za Eriophyidae hung'ang'ania aina moja ya mmea au jamaa zake wa karibu. Mahali penye mimea ya kipekee, kama kichaka kizito cha Itigi kule Manyoni, pana nafasi nzuri ya kuwa na utitiri wa kipekee. Spishi zilizokwisha kupewa majina duniani ni zaidi ya 4,000, na ukilinganisha na wingi wa mimea utaona kazi iliyobaki.

Ndiyo maana sikushauri uanzie shambani. Majani ya mzabibu yakiwa na vipele juu na manyoya meupe chini, mwenye kosa karibu hakika ni *Colomerus vitis*, mwenye jina tangu 1857. Utitiri wa kijani wa muhogo ulionekana Uganda mwaka 1971, ukasambaa Afrika Mashariki nzima kama kitu kigeni kabisa. Kumbe mtafiti Bondar alishaueleza nchini Brazili mwaka 1938, na leo tunauita *Mononychellus tanajoa*. Mtu wa huku ambaye angeukuta miaka ile kwenye muhogo wake na kukimbilia kuupa jina jipya angekuwa ameongeza jina la ziada ambalo wenzake wangelifuta baadaye. Zao lililotoka ng'ambo mara nyingi limekuja na wadudu wake, na wadudu hao wana vyeti vya kuzaliwa. Anzia porini.

Hodi

Mtafiti mgeni hawezi kukwepa kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mtanzania apitie taasisi yake na afuate utaratibu wake. Msitu wa hifadhi una wenyewe, TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Sampuli zikitakiwa kuvuka mpaka, kwa mfano kwenda kwa bingwa wa nje akusaidie kulinganisha, andaa mapema mkataba wa kuhamisha sampuli na nyaraka za Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Majarida siku hizi huuliza vibali, na ukikosa namba yake utarudi mwanzo.

Halafu kuna kibali kisichoandikwa. Pita ofisi ya kijiji, msalimie mtendaji, eleza kwamba unatafuta majani yenye vinundu na si madini. Sisemi kwa utani. Mtu mwenye lenzi shingoni anayeinamia kichaka kimoja kwa nusu saa huzua maneno. Ukiwa Ugogoni anza na "mbukwenyi" na utaona nyuso zinavyofunguka.

Kukusanya: majani, mmea, na lebo

Eriophyidae wa nundu huvamia majani machanga. Mvua zetu huanza Desemba na kuisha Aprili, na porini kila kitu huchipua pamoja. Januari hadi Machi ndio wakati wa kutafuta. Juni nundu bado zipo lakini nyingi ni nyumba zilizohamwa, ndani unakuta ngozi kavu na labda utitiri mwingine mla-utitiri anayepita. Tetranychidae ni kinyume: hao wanashamiri kiangazi, na mvua kubwa huwasomba.

Beba lenzi ya mkono ya mara 10 au 20, mkasi, bahasha za khaki, karatasi laini za chooni, vichupa vyenye ethanoli, penseli, simu yenye GPS, na magazeti ya zamani ya kukaushia mimea. Majani yenye nundu yagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza lifunge kwa karatasi laini, ndani ya bahasha, ulikaushe kivulini: Eriophyidae waliokauka polepole ndani ya jani hukaa miaka mingi, na baadaye hufufuka vizuri kwenye asidi ya laktiki. Fungu la pili liende kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba. La tatu liweke bichi kwenye boksi la barafu, ulitazame kesho yake chini ya hadubini wakati vidudu bado vinatembea. Rangi ya kidudu hai iandike siku hiyohiyo, kwa sababu kwenye slaidi wote huwa weupe kama kioo.

Piga picha ya nundu kabla hujakata. Moja ya karibu, moja ya tawi zima, moja ya mti wote.

Sasa mmea wenyewe. Hapa nikuibie siri ya aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilikusanya nundu nzuri za manyoya kwenye mkole, upande wa Mpwapwa. Mzee aliyenipokea aliuonyesha mti kwa fimbo, akasema, "Huu ni mkole, mjukuu wangu, watoto wanakula matunda yake." Nikaandika *Grewia bicolor*, nikafunga daftari. Sikuchukua tawi la kukausha kwa sababu haukuwa na maua, na nilikuwa na haraka ya basi. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa nimeshapima vidudu na kuchora ngao zao za mgongo, mtaalamu wa mimea aliangalia picha zangu akauliza: chini ya jani palikuwa peupe au kijani? Sikujua. Mkole ni jina la haki kabisa kwa mzee yule, lakini linabeba zaidi ya spishi moja ya *Grewia*. Kwa utitiri unaochagua mmea mmoja, kukosea mmea ni kukosea nusu ya maelezo. Nilisubiri mvua ya mwaka uliofuata.

Kwa hiyo: tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, libanwe kwenye gazeti, lipewe namba ileile ya sampuli ya utitiri, lipelekwe hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa. Hebaria ya taifa iko Arusha. Kama mti hauna maua, ufunge kitambaa, chukua majira-nukta (namba za GPS za mahali), urudi.

Lebo iandikwe kwa penseli, kwenye karatasi nzito, *ndani* ya kichupa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka. Iwe hivi:

TANZANIA: Dodoma, [kijiji, eneo]
S 6.xxxx°, E 35.xxxx°, m 1,100
Kwenye *Grewia* sp., nundu za manyoya, upande wa chini wa jani
12.ii.2024, [mkusanyaji], namba 24/017
Mmea: hebaria namba 24/017

Desimali nne za majira-nukta zinakufikisha kwenye mita kama 11, yaani mti wenyewe. Mwezi uandikwe kwa namba za Kirumi ili 3/2 isije kugombaniwa kama ni Februari au Machi.

Tahadhari moja ya upepo. Eriophyidae husafiri kwa kupeperushwa, na Dodoma upepo tunao wa kugawa. Kidudu kimoja juu ya jani hakithibitishi kwamba huo ndio mmea wake. Unataka familia nzima: mayai, watoto, majike, madume, pamoja na madhara wanayosababisha.

Kutoa kidudu kwenye nundu na kukilaza kwenye slaidi

Pasua nundu chini ya hadubini ya kupasulia, kwenye mara 40 hivi. Utaona kitu kama vumbi la mchele linalojinyonganyonga. Usikamate kwa kibano, utawasaga. Chukua kijiti cha meno, gundisha unywele wa kope kwenye ncha, kilowanishe kidogo, gusa. Kidudu kitanata chenyewe. Siku ya kwanza utapoteza tisa kati ya kumi, usivunjike moyo. Kama vidudu ni vya kutembea hovyo juu ya majani badala ya kukaa ndani ya nundu, kata majani, yatikise ndani ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, pitisha kwenye chekecheo, la mwisho liwe na matundu ya mikromita 25, kisha tafuta kwenye kilichobaki.

Kisafishe ndani ya asidi ya laktiki kwa joto la taratibu mpaka kiwe angavu, halafu kihamishie kwenye dawa ya slaidi. Wengi tunatumia ya Hoyer, na vipimo vyake vya kawaida ni hivi: maji yaliyochujwa kwa mvuke mililita 50, gundi la arabuni gramu 30, klorali haidreti gramu 200, gliserini mililita 20. Changanya kwa mpangilio huohuo, bila kuchemsha. Gundi iachwe iyeyuke kabisa kwanza, na hilo huchukua siku nzima. Mwisho chuja kwa sufi ya kioo.

Gundi hilo hutoka kwenye migunga, jamaa za hii tunayoilalamikia kwa miiba yake, na hunifurahisha kwamba kidudu cha mgunga huzikwa ndani ya jasho la mgunga. Ila usitumie vipande vya sokoni vyenye mchanga na maganda, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya kifuniko humpasua holotaipu wako, yaani kidudu kimoja kitakachobeba jina. Klorali haidreti ni dawa ya usingizi, ni sumu, na huwezi kuipata kiholela. Andaa barua ya taasisi, vaa glavu, fanya kazi penye hewa.

Tone liwe dogo. Tone kubwa humfanya kidudu aelee na kugeuka unavyoshusha kifuniko. Laza wengine kifudifudi, wengine chali, wengine ubavu, maana ngao ya mgongo huonekana kwa mkao mmoja, sehemu za uzazi kwa mwingine, na umbo la mwili kwa wa tatu. Majike 10 wazuri ndio lengo la chini, pamoja na madume, lava na nimfa (hatua za utoto) ukiwapata. Kausha kwenye tanuri la nyuzi 45 hadi 50 kwa wiki moja au zaidi. Kisha zungushia ukingo wa kifuniko rangi ya kucha, mara mbili.

Lebo ya slaidi iandikwe kabla kidudu hakijawekwa. Kabla. Slaidi sita zisizo na lebo juu ya meza zinafanana zote.

Kupima na kuhesabu

Hapa unahitaji hadubini ya fezi kontrasti au ya aina ya DIC, na lenzi ya mara 100 ya mafuta. Kama hapo ulipo haipo, omba siku mbili kwenye chuo kilicho nayo badala ya kubahatisha na ya kawaida. Kabla ya yote linganisha kipimo cha jichoni na slaidi ya kupimia, ile yenye milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila sehemu mikromita 10. Rudia kwa kila lenzi. Niliwahi kupima majike 14 kwa namba za lenzi ya 40 huku nikitumia ya 100, na kwa nusu siku niliamini nimevumbua jitu la Eriophyidae.

Anza na ngao, yaani bamba linalofunika mgongo juu ya miguu. Mistari yake ni kama alama za vidole: upo wa katikati au haupo, umekamilika au umekatika, wa pembeni yake unapinda wapi. Tazama vinundu viwili vya ngao vinavyobeba vinyweleo viitwavyo *sc*. Vikiwa kwenye ukingo wa nyuma wa ngao na vinyweleo vinaelekea nyuma na kutanuka, uko upande wa *Aceria*. Vikiwa mbele ya ukingo na vinyweleo vinaelekea mbele au juu, fikiria *Eriophyes*. Kosa la hapa linakupeleka kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) isiyo yako, na kulinganisha kwako kote kutakuwa bure.

Kisha mguu. Mwishoni pana kitu kama unyoya, chenye matawi yanayohesabika: 4, 5, 6, 7. Hesabu kwenye vidudu vingi, si kimoja, na uhesabu unyoya ukiwa umekaa sawa, kwa sababu ukiwa ubavu matawi mawili huonekana moja. Watu wawili wahesabu bila kuambiana. Mkipishana, tafuteni kidudu kingine.

Endelea na pingili za mgongo na za tumbo, zihesabiwe tofauti. Angalia vichunusi vilivyo juu yake, viko wapi, ni vya duara au virefu. Vinyweleo vya *c2, d, e, f, h1, h2* kila kimoja kipimwe na kiandikwe kiko kwenye pingili ya ngapi. Mabamba ya chini ya miguu na vinyweleo *1b, 1a, 2a* vina zamu yao. Mwisho ni kifuniko cha uzazi cha jike: mistari yake mingapi, imepangwa safu moja au mbili, na kinyweleo *3a* kina urefu gani. Majina haya ya vinyweleo ni ya mfumo wa Lindquist wa 1996, ndio unaotumika sasa. Maandishi ya zamani yana majina tofauti, tengeneza jedwali lako la kutafsiri usije ukalinganisha goti na kiwiko.

Uandishi wake huwa hivi (namba ni za mfano tu; parataipu ni vidudu wenzake holotaipu): "Jike, holotaipu, kwenye mabano parataipu 9: mwili kama mnyoo, urefu 188 (175–204), upana 46 (42–51). Ngao urefu 27 (25–29), upana 33 (31–35)." Vyote kwa mikromita. Urefu wa mwili usiuamini sana, maana kidudu kilichobanwa na kifuniko hurefuka. Ngao na vinyweleo ndivyo visivyodanganya.

Kujipinga

Sasa kaa chini ujaribu kuua ugunduzi wako.

Orodhesha spishi zote za jenasi hiyo zilizowahi kuelezwa kwenye mmea wako, kisha kwenye jenasi ya mmea, kisha kwenye familia yake yote. Usiishie Tanzania wala Afrika, kwa sababu jamaa za mkole wapo India pia na watu wa huko walishaandika. Tafuta maelezo ya kwanza ya kila spishi, yale ya mwenye kuipa jina, si muhtasari wa mtu mwingine. Kwa Tetranychidae una bahati: ipo kanzidata ya wazi mtandaoni iliyojengwa na watafiti wa Montpellier, na Meyer wa Afrika Kusini alichapisha mapitio ya wale wa Afrika mwaka 1987. Kwa Eriophyidae mambo yametawanyika, na *Aceria* peke yake ina mamia ya spishi. Waandikie waandishi uwaombe nakala. Wengi hujibu, na haraka kuliko unavyodhani.

Tengeneza jedwali: sifa upande mmoja, spishi tano au sita zinazokaribiana upande wa pili. Tofauti ya kipimo kimoja kinachoingiliana haitoshi. "Kinyweleo *d* 52–60 dhidi ya 55–63" ni kelele tu. "Matawi 5 dhidi ya 7, na mstari wa katikati wa ngao haupo" ni hoja.

Jiulize pia kama si kidudu kilekile kwa vazi lingine. Baadhi ya Eriophyidae wana majike wa sura mbili, wa msimu mzuri na wa kuvumilia msimu mbaya, na watu walishawahi kuwaeleza kama spishi mbili. Rangi nayo ni msaliti: *Tetranychus urticae* wa kijani na *T. cinnabarinus* mwekundu walihesabiwa mbalimbali kwa miaka mingi, hadi hoja ya kuwa ni spishi moja ikawekwa wazi na Auger na wenzake mwaka 2013. Kwa hiyo rudi kwenye mti uleule kiangazi, na kwenye miti mingine ya aina hiyo Kondoa au Kongwa, uone kama sifa zako zinashikilia.

Vinasaba vinasaidia hapa. Kipande cha jeni la COI ndicho cha kawaida, na wengi huongeza kipande kingine, ITS2. Kidudu kimoja cha Eriophyidae kina vinasaba kiduchu, basi tumia njia isiyosaga ngozi, ili baada ya kutoa vinasaba ngozi hiyohiyo iende kwenye slaidi. Mfuatano wa vinasaba uwekwe GenBank, kanzidata ya wazi, na namba yake iandikwe kwenye makala. Lakini kukosekana kwa mfuatano unaolingana hakumaanishi spishi ni mpya. Mara nyingi maana yake ni kwamba zilizo na majina bado hazijasomwa vinasaba.

Mchoro

Chora kwa bomba la kuchorea la hadubini kama lipo, au juu ya picha kwa kompyuta. Zinazohitajika ni ngao, mwili kwa ubavu, sehemu ya chini ya mbele pamoja na uzazi, mguu wa kwanza, unyoya, na vichunusi vya pingili. Kila mchoro uwe na mstari wa kipimo. Chora unachokiona kwenye vidudu vingi, na usitie mstari ambao umeuona mara moja tu kwa sababu unapendeza. Picha nzuri za hadubini ziongezwe, ila hazichukui nafasi ya mchoro.

Jina

Sehemu ambayo kila mtu huanza nayo, nami naiweka hapa chini makusudi.

Jina la spishi liandikwe kwa herufi za Kilatini, lisiwe limeshatumika ndani ya jenasi hiyo. Si lazima liwe neno la Kilatini. Likiwa sifa ya kisarufi lifuate jinsia ya jenasi: *Tetranychus* ni ya kiume, *Aceria* ya kike. Kiambishi cha mahali *-ensis* hufaa kwa zote mbili, kwa hiyo *dodomensis* haitakusumbua. Ukimuenzi mwanamume mmoja unaweka *-i*, mwanamke *-ae*. Neno la Kiswahili au Kigogo linaweza kuwekwa kama nomino isiyobadilika, na binafsi napenda hivyo, mradi uandike kwenye makala kwamba ni nomino ya mbandiko. Kujipa jina lako mwenyewe hakukatazwi na kanuni. Aibu ndiyo inayokataza.

Jina la mahali huonyesha kidudu kilipokusanywa, halithibitishi asili yake. *Aceria guerreronis*, ule utitiri unaochakaza madafu ya pwani yetu, mtafiti Keifer aliuita hivyo mwaka 1965 kwa sababu sampuli zilitoka Guerrero, Mexico. Ukiita chako *dodomensis* kisha kikaonekana kimejaa Sudan, jina halibadiliki.

Na usilitaje popote kabla ya kuchapisha. Si kwenye bango la mkutano, si kwenye tasnifu inayosambazwa, si kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Jina lililotoka bila maelezo ni jina uchi, halina nguvu, na linawachanganya watakaokuja. Nakala za majaribio ziite "*Aceria* sp. A".

Kuandika na kuchapisha

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, toleo la nne linalotumika tangu 1 Januari 2000, zinadai mambo machache ambayo ukiyakosa jina halisimami: useme wazi kwamba spishi ni mpya, utoe maelezo yanayoitofautisha, uteue holotaipu, na utaje mkusanyo inakowekwa. Holotaipu ni kidudu kimoja, jike uliyempima vizuri kuliko wote, kwenye slaidi yenye lebo nyekundu. Kama slaidi hiyo ina vidudu wanne, mzungushie wako duara kwa wino usiofutika upande wa chini wa kioo. Wengine ni parataipu. Wagawe katika taasisi zaidi ya moja, angalau moja nchini, ili moto au maji yasiondoke na wote.

Jarida likiwa la mtandaoni pekee, sajili makala ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa na namba ya usajili ionekane ndani ya makala yenyewe. Utaratibu huo uko tangu 2012. *Zootaxa*, *Acarologia* na *Systematic and Applied Acarology* ni mahali pa kawaida kwa kazi hizi. Soma ada na masharti kabla, na wakague wanaokutumia barua pepe za kukusifia bila kuwaomba.

Lugha? Kanuni hazikulazimishi Kiingereza. Maelezo ya Kiswahili yaliyotimiza masharti yote yangesimama kisheria. Lakini anayelinganisha vidudu yuko Brazili au China, kwa hiyo ningeweka walau muhtasari wa tofauti kwa Kiingereza, na Kiswahili kwa mtendaji na kwa yule mzee mwenye mkole.

Wakaguzi watarudisha makala. Karibu kila mara watauliza mambo mawili: mmea ulitambuliwa na nani, na kwa nini hukulinganisha na spishi fulani ya mwaka 1960-na-kitu. Ukiwa umeweka tawi hebaria na jedwali lako la kujipinga lipo, utawajibu kwa jioni moja.

Slaidi zikishapewa namba za mkusanyo, zihifadhiwe zikiwa zimelala, si wima. Dawa ya Hoyer hunyonya unyevu wa hewa, na masika hupenya penye ufa wa rangi ya kucha. Kila Mei mimi huzitoa zote, nazipitia ukingo kwa lenzi ya mkono, na penye kiputo napaka upya.